Tambi Hazingoji Mtu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, juma hili twaingia jikoni.

Dada mmoja wa Malindi ametuletea swali ambalo twaamini linawagusa wengi. Mumewe ni mpishi. Kwa miaka mingi amewapikia wageni wa Kiitaliano, na chakula chao akijua kama ajuavyo njia ya kwenda kwao, lakini nyumbani hajapata kukipika hata siku moja. Watoto wamemwomba sana. Mama ndiye aliyekuwa akikataa, na sababu zake ni tatu. Ya kwanza, achelea haramu isije ikaingia katika vyombo vyake. Ya pili, aona chakula hicho ni cha wenye nafasi. Ya tatu, amesikia kwamba huliwa sahani baada ya sahani, naye, kwa maneno yake mwenyewe, hana tena magoti ya kuinuka mara tano kwa mlo mmoja. Atuuliza: je, yafaa? Na ikiwa yafaa, yafanywe vipi?

Sababu zote tatu ni za haki, na tutazijibu moja moja. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyotufanya tulitolee swali hili safu nzima.

Ujamaa wa zamani

Kwanza tuondoe dhana kwamba chakula hiki ni kigeni kabisa kwetu. Upande wa kusini wa Italia kuna kisiwa cha Sicilia. Waislamu walishuka huko mwaka 827, wakautwaa mji wa Palermo mwaka 831, na utawala wao ukaendelea mpaka Wanormani walipokamilisha kukiteka kisiwa mwaka 1091. Katika muda huo walipanda huko milimau, miwa na mibiringani, wakachimba mifereji ya kunyweshea mashamba. Mpaka leo lugha ya jikoni ya kule ina athari yao. Aina moja ya zabibu huitwa zibibbo, na neno hilo ni zabibu yetu hii hii. Barafu tamu ya matunda huitwa sorbetto, na asili yake ni sharbati.

Tambi nazo zina habari yake. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemwandikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicilia kitabu kikubwa kilichokamilika mwaka 1154, ataja kijiji cha Trabia karibu na Palermo, ambako watu walitengeneza itriyya, yaani tambi kavu, kwa wingi hata zikapakiwa majahazini kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. La kutufurahisha sisi watu wa pwani ni kwamba katika kitabu hicho hicho imetajwa pia miji ya Malindi na Mombasa. Basi tambi za Sicilia na miji yetu zilikutana katika kurasa za mwandishi mmoja, Mwislamu, zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Kukutana kwa pili ni kwa juzi tu. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni katika miaka ya 1960, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti yao kutoka hapo. Baadaye wengi walikuja Malindi na Watamu kwa mapumziko, na wengine wakakaa. Vijana wetu waliingia katika majiko yao wakiwa waosha vyombo, wakatoka wakiwa wapishi. Elimu hiyo tunayo. Ajabu ni kwamba twaiacha kazini kila jioni, kama vazi la kazi litundikwalo ukutani.

Haramu ilipo na namna ya kuiepuka

Katika chakula cha Kiitaliano kuna mambo manne ya kuangaliwa. La kwanza ni nguruwe, ambaye hutiwa katika michuzi kwa majina mengi: pancetta, guanciale, prosciutto, na mafuta yake yaitwayo strutto. La pili ni mvinyo. Mapishi mengi huagiza kikombe cha mvinyo katika rojo, na husemwa kwamba moto huumaliza ulevi wote. Hilo si kweli, kwani vipimo vimeonyesha kwamba kiasi fulani hubaki. Na hata kama kisingebaki, sisi hatuna ruhusa ya kuununua wala kuuweka ndani. Mahali pake tia supu ya samaki au ya mboga na maji kidogo ya ndimu.

La tatu ni vitamu. Tiramisu aghalabu hutiwa mvinyo wa marsala au pombe nyingine, na panna cotta hugandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe au mnyama asiyechinjwa kwa sharia. La nne, ambalo wengi hawalijui, ni jibini. Jibini mashuhuri ya Parmigiano-Reggiano hugandishwa kwa chachu itokayo katika tumbo la ndama, na wanavyuoni wamehitilafiana juu ya chachu ya mnyama asiyechinjwa kwa sharia. Mwenye kutaka fatwa na amwulize sheikh wake. Mwenye kutaka wepesi na afuate desturi ya maskini wa Sicilia, ambao hawakuwa na uwezo wa kununua jibini: walikausha mkate uliolala, wakausaga chenga, wakazikaanga kwa mafuta mpaka zikawa rangi ya dhahabu, na hizo ndizo walizozinyunyiza juu ya tambi. Chenga hizo zina utamu wake, na gharama yake ni boflo ya jana.

Kwa hiyo tumechagua mlo wa Sicilia, ambao msingi wake ni samaki, mboga na matunda. Ndani yake hakuna hata sahani moja yenye shaka.

Mpango wa mlo

Mlo kamili wa Kiitaliano huenda kwa zamu. Hufungua antipasto, kionjo cha kuamsha hamu. Hufuata primo, yaani sahani ya kwanza, ambayo ni tambi, wali au supu. Kisha huja secondo, samaki au nyama, pamoja na contorno, mboga ya kando. Mwisho ni matunda au kitamu, na kahawa. Kwao mlo mkubwa wa jamaa huwa Jumapili mchana. Kwetu pia Jumapili ndiyo siku ambayo shule na ofisi zimefungwa, na kati ya adhuhuri na alasiri tuna kiasi cha saa tatu. Swalini adhuhuri, kisha mketi.

Vipimo vifuatavyo ni vya watu sita.

Jumamosi jioni tayarisheni kionjo, kiitwacho caponata. Kateni biringani tatu za kadiri vipande vya ukubwa wa kete ya dama, mzitie chumvi, mziache nusu saa, kisha mzifute maji na kuzikaanga mpaka ziive. Katika sufuria nyingine kaangeni kitunguu kimoja kikubwa na mabua matatu ya seleri, mtie nyanya nne zilizomenywa, mwache zitokote dakika kumi na tano. Tieni zeituni za kijani kiasi cha kiganja, siki vijiko vitatu vya mezani na sukari vijiko viwili. Changanyeni na biringani, muonje, mfunike. Huko kwao hutia pia keperi, ambazo ni matumba madogo ya maua yaliyohifadhiwa kwa chumvi. Zikikosekana hapaharibiki kitu. Chakula hiki huliwa kikiwa kimepoa, pamoja na mkate, na kikilala hukolea zaidi. Mtaona ladha yake ya uchachu na utamu haiko mbali na achari zetu.

Jumapili asubuhi tayarisheni kitamu, granita ya limau. Yeyusheni gramu 200 za sukari katika mililita 750 za maji ya moto. Yakipoa, tieni mililita 200 za maji ya limau na maganda ya limau moja yaliyoparuzwa, bila ule weupe mchungu wa ndani. Mimineni katika bakuli pana, mweke katika friza. Kila nusu saa mtu mmoja aikwangue kwa uma mpaka iwe chembechembe za barafu. Kazi hiyo huchukua saa tatu au nne. Nyumba isiyo na friza na inywe sharbati hiyo ikiwa baridi, maana ni nduguye.

Rojo la tambi lipikwe kabla ya adhuhuri. Kaangeni punje nne za kitunguu thomu katika vijiko vitatu vya mafuta, zisigeuke rangi sana, mtie kilo moja ya nyanya mbivu zilizomenywa na kukatwa, na chumvi. Moto mdogo, dakika ishirini na tano. Mkiepua, chaneni majani ya mrehani kwa mikono, myatie. Mrehani sisi twaujua katika vikuba pamoja na asmini. Waitaliano waliupeleka jikoni, nao haukupoteza heshima yake. Kaangeni na chenga za mkate, kikombe kimoja, mziweke kando.

Tambi zenyewe zichemshwe watu wakiwa wameshaketi na kionjo kikiwa mbele yao. Kwa gramu 400 za spageti chemsheni lita nne za maji, mtie chumvi gramu 40, ambazo ni vijiko viwili vya mezani na ushei. Msizivunje wala msiyatie maji mafuta. Ziepueni dakika moja kabla ya muda ulioandikwa juu ya pakiti, zikiwa bado na ukakamavu kidogo kwenye jino. Wekeni akiba kikombe kimoja cha yale maji. Chujeni, msizioshe kwa maji baridi, mzimimine moja kwa moja katika rojo lililo motoni, mzigeuze kwa dakika moja pamoja na maji kidogo ya ile akiba mpaka rojo lishike. Pakueni na mnyunyize chenga.

Sahani ya pili ni nguru wa makaa. Vipande sita vya unene wa kidole gumba vitiwe chumvi, vipakwe mafuta kidogo, vichomwe dakika tatu au nne kila upande. Katika bakuli pigeni pamoja nusu kikombe cha mafuta ya zeituni, maji ya ndimu mbili, vijiko viwili vya maji ya moto, punje mbili za thomu zilizopondwa, na kijiko cha chai cha oregano kavu. Wasicilia huuita mchuzi huu salmoriglio. Humwagiwa samaki akiwa ametoka motoni, akiwa bado analia.

Kando yake wekeni saladi ya machungwa: manne yaliyomenywa na kukatwa duara, kitunguu chekundu kilichokatwa vyembamba, zeituni chache, mafuta, chumvi na pilipili manga. Msishangae. Sisi tulao embe bichi kwa chumvi na pilipili hatuna haki ya kushangaa.

Kosa letu la kwanza

Sasa twakiri. Mara ya kwanza tulipojaribu mlo huu nyumbani kwetu tulichagua jioni badala ya mchana. Magharibi ilipokaribia tukazichemsha tambi, tukazichuja, tukazifunika kwa kawa kama tufunikavyo wali, tukaenda kuswali. Tuliporudi tulikuta bonge moja lililoshikamana, lenye umbo la sufuria. Wali humngoja mwenye kula, na pilau ikingoja huzidi kushuka harufu. Tambi hazingoji mtu. Mtu ndiye azingojaye.

Lakini kosa kubwa lilikuwa jingine, nalo hatukuliona siku ile. Sahani ya kwanza iliondoka, ya pili ikaja, watoto wakacheka, baba akasifu. Sisi tuliopika hatukuketi. Tulikuwa tukipita kati ya jiko na jamvi, tukiwa na sahani chafu mkono huu na safi mkono huu. Tulipomaliza kuwapa watu kahawa, tulikula kipande cha samaki kilichopoa, tumesimama kando ya seredani. Ndipo mtoto mdogo akatuuliza: “Mama, mbona wewe hukula nasi?” Hatukuwa na jibu, na tulipofikiri tukaona kwamba swali lile halikuhusu chakula cha Kiitaliano hata kidogo. Hata siku za pilau hatuketi. Ila siku za pilau sinia huwekwa mara moja, na kutokuwapo kwetu hakuonekani.

Hapa ndipo tumjibupo dada yetu wa Malindi juu ya magoti yake. Mlo wa zamu humtesa mwanamke mmoja akiachiwa peke yake. Na kwa sababu hiyo hiyo waweza kuwa dawa, kwa kuwa haufanyiki vizuri pasi na watu kugawana kazi. Kila sahani ipewe mwenyewe. Caponata ni ya mama, naye huimaliza tangu Jumamosi. Tambi ni za baba, hasa baba huyu ambaye ni fundi wake. Makaa na samaki ni ya mwana mkubwa. Machungwa ni ya bibi, ambaye huyamenya ameketi, na hadithi zake juu. Granita ni ya binti, mwenye kuikwangua kila nusu saa tangu asubuhi. Wadogo huondoa vyombo, na kahawa ni ya yeyote aliyechelewa kuja.

Asiinuke mtu mmoja mara mbili mfululizo. Wenye sahani iliyo mbele yao wamngoje aliyeinuka kabla ya kuanza. Kungoja huko, ambako mwanzo huonekana ni upungufu, ndiko kunakozaa mazungumzo. Katika dakika zile tano tambi zikigeuzwa jikoni, mtoto aliyekuwa kimya juma zima husema jambo. Simu na ziwekwe chumba kingine, la sivyo dakika hizo zitaibwa.

Wala asidhani baba yeyote kwamba kuinuka kumpelekea mkewe sahani kwampunguzia hadhi. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa swala hutoka. Nani kati yetu ana hadhi kuliko yake?

Gharama na kiasi

Limebaki suala la matumizi. Tazameni tena orodha: biringani, nyanya, machungwa, ndimu, mkate uliolala. Cha ghali ni samaki na mafuta ya zeituni. Mafuta hayo yatumieni palipo na haja ya ladha yake, yaani juu ya samaki na saladi, na kukaanga kufanyike kwa mafuta ya kawaida. Nguru akipanda bei, changu au hata simu hutosha. Meza si sharti. Jamvi na sinia vinafaa, na sahani moja kwa kila mtu ikisuuzwa kati ya zamu mbili yatosha.

Zaidi ya hayo, pakueni kidogo. Gramu 400 za tambi kwa watu sita ni chache kwa makusudi, kwa kuwa kuna sahani nyuma yake. Tumefundishwa tusijaze tumbo, tulibakizie fungu la maji na fungu la pumzi. Na tumekatazwa israfu. Wingi wa zamu ukifanywa wingi wa chakula, mlo huu utakuwa hasara ya mali na ya afya. Kitakachobaki kipelekeni kwa jirani kingali cha moto, kabla hakijawa kiporo.

Hatusemi pilau iondoke, wala biriani, wala wali wa nazi na mchuzi wa papa. Hivyo ni vyetu, na harusi zetu hazitanoga bila ya hivyo. Twasema kwamba Jumapili moja katika mwezi si kubwa kwa jamaa kuketi saa mbili pamoja, kila mmoja ametia mkono wake. Na desturi hiyo ikishashika kwa tambi, irudisheni katika pilau.

Tulipolijaribu tena jambo hili, mchana na kwa kugawana, tambi zilikuwa na chumvi iliyozidi na kipande kimoja cha samaki kiliungua. Lakini kahawa chungu ilipoletwa, na kikombe cha kwanza kikawekwa mbele yetu na mkono usio wetu, tulikuwa tumeketi.

Wabillahi tawfiq.